Pale Aliposimama Kando ya Kamera

Mwezi wa Juni 1999, vita vikiendelea, nilianza kujifunza uigizaji wa filamu katika ukumbi mmoja wa mtaa wetu wa Mulongwe. Mume wangu alinisindikiza kila Jumamosi, kwa kuwa njia haikuwa salama. Mwalimu alimsimamisha kando ya kamera ili niwe na wa kumtazama, nikiigiza mke anayempokea mumewe kutoka safarini. Lakini kwetu mke hamkazii mumewe macho mbele za watu, nami nilimpokea nikiwa nimeinama.

“Mama, weye! Kule chini kuna nini?” mwalimu alilalamika. “Kamera inataka macho!”

“Niangalie tu, mama watoto,” mume wangu alicheka. “Leo minye niko televisheni yako.”

Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami nikazidi kuinama.

Mwezi wa Oktoba mume wangu aliuawa kwa risasi kwenye barabara ya Ruzizi. Niliporudi darasani, Februari 2000, mwalimu alinipa onyesho lile lile, akataka kumsimamisha mwanamume mwingine pale. Nilimwomba paachwe wazi. Kamera ilipowashwa niliinua macho, nikayakaza pale aliposimama, wala sikuyashusha hata mwalimu aliposema tumemaliza.