Maji Juu ya Umeme

Watu wakisema waasi walikuja kutukomboa, mimi huondoka hapo. Sitaki ugomvi na wazee wenzangu.

Wazungu walipoondoka baada ya uhuru, kaka yangu mkubwa alipewa fleti ya ghorofani katika jengo la zege kule Kalundu, bandari ya ziwani, kwa sababu ndiye aliyekuwa akitengeneza umeme wa bandari. Tulihamia humo yeye, mama yetu na mimi, dada yake mdogo, niliyekuwa nikishona nguo za watu. Kisha uasi ukaingia mjini. Komanda mmoja akapanda ngazi na watu wake, akatazama sebule yetu, akasema, "Hapa panatosha." Tukasukumwa jikoni. Mama akawa mpishi wake bila kuulizwa.

Asubuhi moja akaleta taa kubwa ya vioo, nzito, aliyoichukua katika nyumba ya Mzungu. Alitaka ining'inie katikati ya sebule, juu ya meza yake. Akamwita kaka.

Kaka alitazama dari, akatazama kiwashio cha ukutani, akafuatisha kwa kidole njia ya waya kutoka hapo hadi kwenye taa ya zamani.

"Komanda, hapa unapoonyesha ndipo waya iko inapita, ndani ya zege. Tusogee kidogo pembeni. Na kwanza tukate umeme."

"Ukikata umeme, radio yangu itazima."

"Ni kwa muda kidogo tu."

Komanda akacheka. "Risasi yenyewe hainiweze minye. Umeme ni kitu gani?" Akamwita mganga wake, yule aliyewamwagia wapiganaji dawa ili risasi zigeuke maji. Mganga akachovya majani katika ndoo, akamrushia kaka maji kichwani, kifuani, mikononi.

Nilikuwa mlangoni. Kaka alinitazama, maji yakimchuruzika kwenye viwiko, na nikajua kwamba anajua. Lakini kijana mwenye bunduki alikuwa amesimama nyuma yake. Akafunga kitambaa usoni ili vumbi lisimwingie machoni, akapanda juu ya meza, akaweka ncha ya chuma cha kutobolea darini, akaanza kugonga kwa nyundo, akikizungusha chuma kila baada ya pigo. Zege likawa linamwagika kama unga.

Halafu nyundo ikaanguka. Kaka hakuanguka. Alibaki ameshika chuma, mwili wote unatetemeka, na sauti iliyotoka kooni mwake sitaieleza.

Nilikimbia kwenye ukumbi, nikavuta chini kiwashio kikubwa cha umeme wa fleti nzima. Nikamsikia anadondoka mezani, kisha sakafuni. Radio ikanyamaza.

"Nani amezima radio yangu?" akauliza komanda.

Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Minye!" nikapiga kelele. "Minye nimezima! Mtu iko anakufa mbele yako, na weye unauliza radio?"

Yule kijana akanielekezea bunduki. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kati yetu. "Baba," akamwambia komanda, taratibu kabisa, "ukimuua huyu mtoto wangu, leo nani atakupikia? Minye, mama yake?"

Komanda akaashiria bunduki ishushwe. Lakini mganga alikuwa na lake. Akasema dawa yake haina kosa. Imeharibika kwa sababu mwanamke alisimama mlangoni. Wote wakanigeukia, wakatikisa vichwa, kana kwamba mimi ndiye niliyeunguza mkono wa kaka.

Tulimbeba kaka mimi na mama. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekuwa vyeusi.

Baadaye wakaleta fundi mwingine kutoka mtaa wa Kilibula. Nikamsikia komanda akimwagiza, kwa sauti ya mtu mwenye akili, "Kata umeme kwanza. Na utoboe pembeni, katikati iko waya." Taa ikaning'inia vizuri. Akala chini yake mpaka siku jeshi la serikali liliporudi, naye akakimbilia ziwani.

Kaka hakurudi bandarini. Vidole vyake havikukunjika tena. Ikabidi ajifunze kula ugali kwa mkono wa kushoto, na kwetu hilo ni aibu mbele ya watu. Tulimwambia si kitu. Hata hivyo, wageni wakija, alichukua sahani yake akaenda kula peke yake, akiwa ameelekea ukuta.