Emilia Anarudia Kiingereza

Emilia wa kijiji cha Chiungutwa alikuwa na miaka thelathini na tisa alipofeli Kiingereza cha kidato cha nne kwa mara ya pili. Masomo mengine aliyoyahitaji alikuwa ameshayapata. Kwa miaka sita alikuwa msaidizi katika chekechea ya kanisa, akiwafuta watoto makamasi na kuwafundisha nyimbo, na chuo cha ualimu kilimwambia waziwazi kuwa bila Kiingereza hapati nafasi.

Dada yake, Nancy, alimshauri aachane na mitihani, arudi kwenye mikorosho yake.

"Najiandikisha tena," Emilia akasema, na kweli akaenda.

Safari hii alimtafuta Mwalimu Twahiru, mstaafu wa Masasi mjini. Jumamosi ya kwanza alifika kwa baiskeli, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Lete daftari."

Akalipekua, akavua miwani. "Kosa lako ni moja, ila umelirudia ukurasa mzima. Ona hapa: *I have planted cassava yesterday.*"

"Si nimepanda jana?"

"Kwa Kiswahili watu husema hivyo na tunaelewana. Kiingereza hakitaki. Ukishataja jana, au mwaka juzi, au wakati wowote uliokwisha, *have* inaondoka. Sema *I planted*. Ila ukiacha kutaja siku, na unachojali ni kwamba mihogo sasa iko shambani, hapo sema *I have planted*."

Emilia akaenda na somo hilo shambani. Wakati wa palizi, kila mkorosho alioufikia aliutungia sentensi mbili kwa sauti, moja yenye jana na moja isiyo nayo. Akichanganya, alirudi mkorosho wa nyuma na kuanza upya. Binti yake, Furaha, alimcheka siku mbili. Ya tatu akaanza kumsahihisha.

Mwezi wa nane Mwalimu alimwambia aandike habari za maisha yake. Sentensi ya kwanza ilikuwa: *My husband has died in 2015.*

"Mwaka umeutaja," Mwalimu akasema taratibu. "Ni *died*."

Emilia hakuchukua kalamu. "Lakini mpaka leo mume wangu amekufa, Mwalimu. Hajarudi."

Mzee akamsogezea daftari. "Ni kweli, mama. Ila Mwingereza ukimpa mwaka, jambo analiacha kwenye mwaka huo. Sasa niambie wewe, tangu mwaka huo mpaka leo, umefanya nini?"

Emilia aliinama, akaandika pole pole: *I have raised my daughter alone since 2015.*

"Hapo sigusi kitu," Mwalimu akasema. "Kumlea binti yako peke yako ulianza zamani na bado unaendelea. Hiyo ndiyo *have* yenyewe."

Alirudi nyumbani akikanyaga pedali kwa nguvu, machozi yakimtoka, wala hakusimama kuyafuta.

Novemba alifanya mtihani kwa mara ya tatu. Kwenye barua ya kumwandikia rafiki, mkono ulishaandika *have* karibu na *last year*, yaani mwaka jana. Akaikata kwa mstari mmoja, akaendelea.

Matokeo yalipotoka, Furaha ndiye aliyeyaona kwenye simu, akapiga kelele hadi Nancy akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kiingereza, C.

Sasa Emilia yuko mwaka wa kwanza chuoni, mkubwa kuliko wanachuo wote darasani. Jioni wanne kati yao humfuata bwenini na madaftari yao ya Kiingereza, naye huwauliza kwanza: "Umetaja siku, au hukutaja?"