Siku Thelathini za Mzee Taibali Kununua Dukani Mwake

Harufu ya duka la Mzee Taibali ilikupokea kabla hujafika mlangoni: bizari, mafuta ya taa, magunia mapya, na sabuni ya mche iliyokatwa asubuhi hiyo hiyo. Lilikuwa pale Bofu, upande wetu wa Likoni, na mama alinituma huko mpaka nyayo zangu zikalijua lile vumbi. Mzee mwenyewe, Mhindi wa Kibohora, mfupi mwenye ndevu nyeupe, alikaa juu ya takia nyuma ya kaunta, na mwanawe Yusufu akasimama kando yake. Kusimama nasema, maana kwao takia lile lilikuwa la mtu mmoja tu. Yusufu alikuwa na mke na watoto wawili, na sikuwahi hata siku moja kumwona amekaa dukani.

Tena alikuwa na ila moja. Ukimuuliza jambo, alimtazama babake kwanza. "Mchele mpya umefika?" Anageuka, mzee anatikisa kichwa kukubali, ndipo naye anakujibu, "Umefika." Sisi watoto tulimwigiza njia nzima mpaka mbavu zikatuuma. Watu wazima waliiita adabu. Mzee, kumbe, ilikuwa ikimnyima usingizi.

Mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, Wahindi wengi walikuwa wakiulizana kama wabaki au waondoke. Mzee Taibali alishakata shauri: duka litabaki. Lililomsumbua ni litabaki mikononi mwa nani. Basi asubuhi moja akasimama mbele ya wateja akatangaza kwamba kwa siku thelathini yeye ni mteja kama sisi, na Yusufu akae juu ya takia. Akishindwa, duka litakwenda kwa Huseni, mtoto wa ndugu yake aliyekuwa Changamwe, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Yusufu alisikia hayo pamoja na sisi, hapo hapo. Mama alinifinya bega. "Wallahi, mzee huyu anamvua mwanawe nguo mbele za watu," akaninong'oneza.

Kesho yake mzee akaja na kikapu, akatoa salamu, akasimama nyuma ya mama. Yusufu akaruka kutoka kwenye takia. "Karibu Bawa, nikupe nini?" Bawa ndiyo baba kwa lugha yao. Mzee akamjibu kwa upole, "Mama Mwanaisha amenitangulia," akageuka akarudi kwake na kikapu kitupu. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu mke wa mzee akabisha hodi kwetu kuazima sukari. Mke wa mwenye duka, jamani, anaazima sukari kwa mama yangu! Nilimkabidhi kikombe kwa mikono miwili, nikabaki mlangoni mdomo wazi. Mtu gani huyu anayekubali chai chungu nyumbani mwake ili mtoto wake ajifunze kazi?

Wiki ya pili jirani mmoja akarudisha unga wenye fukusi. Yusufu akamtazama babake aliyekuwa kwenye foleni, na babake akatazama mabati ya paa. Yusufu akatazama tena. Mabati. Jasho lilimtiririka, mpaka mwishowe akachota unga mwingine akampa yule jirani bila kumuuliza mtu. Tangu hapo akaanza kuyajibu maswali yetu mwenyewe. Lakini babake akiingia tu, alisimama, na mzee akaondoka mikono mitupu.

Siku ya ishirini na tisa Huseni alishafika kutoka Changamwe, yuko mlangoni na begi lake. Duka limejaa, mimi niko mbele, nimetumwa chumvi na kipande cha sabuni. Mzee akaingia, na safari hii hakusimama nyuma. Alipenya katikati yetu, akaweka kikapu juu ya kaunta mbele ya pua yangu. "Yusufu, nipimie sukari upesi. Miguu inaniuma."

Yusufu hakunyanyuka. Alilishika takia kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mzee, mtoto huyu amekutangulia. Tafadhali ngoja."

Subhanallah! Kumwambia baba mzazi angoje, tena kwa ajili ya kitoto cha miaka tisa! Mwanamke mmoja nyuma yangu alijifunika uso kwa leso. Mzee akaondoa kikapu chake akarudi nyuma, nyuma kabisa, akapita mpaka mwanamke wa mwisho. Nikapimiwa chumvi yangu, nikakatiwa na sabuni. Hakuna aliyeondoka, hata waliokwisha kununua. Zamu yake ilipofika, mzee alipokea sukari, machozi yanamshuka ndevuni, akasema, "Ahsante, mwenye duka." Huseni alirudi Changamwe jioni ile, na mzee hakulikalia tena takia lile mpaka alipokufa.

Leo mimi nina duka langu la kushona sare za shule, hapa hapa Likoni, na kila mara nimejiona mwerevu kwa sababu niliyaona yale kwa macho yangu. Binti yangu Zuhura anapima, anakata, anashona, anawajua wateja kwa majina ya watoto wao. Juzi mzazi mmoja alimuuliza kama sare zitakuwa tayari Ijumaa. Zuhura akageuka akanitazama. Nikajiambia, Mwanaisha, nyamaza, mwache mtoto ajibu. Wallahi nilijaribu. Nikamtikisia kichwa kukubali. Zuhura ana miaka arobaini na minane.