Aliyeimarika Kuliko Wote

Ligi yetu ya kikapu ya wasichana, inayochezwa kati ya Kasulu na Kibondo, ina tuzo moja ambayo watu huigombania hadi kununiana. Si ya mfungaji bora. Hiyo hutolewa kwa kujumlisha pointi, na hakuna wa kubisha. Ninayoisema ni ya mchezaji aliyeimarika kuliko wote. Lazima asimame mtu aliyemwona mchezaji tangu mwanzo, aeleze alivyokuwa na alivyo sasa. Tunamwita shahidi. Mashahidi wakishasema, wachezaji wa ligi nzima hujipanga nyuma ya yule waliyemkubali, na mwenye mstari mrefu ndiye mshindi.

Msimu uliopita shahidi mmoja nilikuwa mimi. Natangaza mechi hizo redioni hapa mjini, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mchezaji wangu alikuwa binti wa timu ya Kasulu, mfupi, mwepesi, anayeishi Heru Juu kwa shangazi yake. Mpinzani wake alikuwa msichana mrefu wa Kibondo, na shahidi wake alikuwa kocha wake. Kilichoongeza joto ni mgeni kutoka Dar es Salaam, kocha wa timu inayolipa wachezaji mshahara. Alitangaza kwamba atakayeshinda tuzo ataondoka naye.

Nilichotaka kusema nilikijua. Binti huyo alipofika kwetu alikuwa na kasoro ambayo sikuwahi kuiona kwa mwingine: hakuutumia ubao wa nyuma ya ringi. Hata akiwa ubavuni mwa ringi, mahali ambapo yeyote angeugongesha mpira kwenye ubao ukatumbukia, yeye aliurusha juu sana ili ushuke wima. Akikosa, alibaki amesimama huku wenzake wakiukimbilia mpira uliorudi, kana kwamba hakutegemea urudi. Sasa anaugongesha kutoka pembe yoyote. Kwa macho yangu, hakuna aliyetoka mbali kama yeye.

Tatizo lilianza nilipojiuliza kwa nini. Kazi hii imenizoesha vibaya, siwezi kuona jambo nikaliacha. Na jibu nilikuwa nalo. Niliwahi kwenda kwenye kambi ya wakimbizi kuripoti habari za mgao wa chakula, nikapita kwenye kiwanja chao. Ringi ilikuwa imepigiliwa kwenye nguzo ya mkaratusi, basi. Ubao haukuwapo. Watoto wote walikuwa wakirusha juu sana.

Nikapanda bodaboda hadi Heru Juu. Shangazi yake nilimkuta uani akimenya mihogo. Hakukana. Yeye mwenyewe ni raia. Wazazi wake walitoka Burundi zamani wakapewa uraia. Binti wa kaka yake alikuja miaka mingi baadaye, na waliokuja baadaye hawaruhusiwi kukaa nje ya kambi bila kibali. Binti alitoka kambini na kibali cha kwenda hospitali. Kilikwisha muda wake, naye hakurudi.

"Ukitaja habari za ubao," shangazi aliniambia, "yuko atakayejiuliza ulichojiuliza wewe. Yeye watamrudisha, mimi watanishika kwa kumficha. Dada, nakuomba sana. Sema mengine."

Nilirudi mjini. Nilianza kuhesabu kichwani watu waliowahi kufika kambini: madereva, wauguzi, wauza maharage, walimu. Yeyote kati yao angeweza kuwa amekwisha kuona. Tena nilikuwa nimemsifia redioni msimu mzima, kwa sauti, kila Jumamosi.

Siku ya tuzo, Jumamosi, mstari wa mbele alikaa ofisa wa uhamiaji. Ni shabiki wa Kibondo tangu zamani, siku hiyo alivaa jezi yao na kushika soda. Nilipomwona, karibu nirudi nyumbani.

Kocha wa Kibondo alianza. "Huyu mwaka jana alikuwa mlingoti! Mpira ukimgonga kichwani, anauomba radhi!"

Watu wakaangua kicheko. "Na sasa?"

"Sasa waulizeni Kasulu. Wao ndio wenye maumivu!"

Nikapewa kipaza sauti. Nikasema binti wangu amejitahidi sana, ana nidhamu, anawahi mazoezini.

"Dada, unamsifia mchezaji au mlinzi wa geti?" mtu akapaza sauti.

Ofisa akaishusha soda yake. "Mtangazaji, redioni huwa hatupati hata nafasi ya kupumua. Leo vipi? Tuambie, alikuwaje alipokuja? Alitokea timu gani?"

Nilimwona shangazi upande wa pili, khanga ameibana mdomoni. Nikasema, "Nilimkuta na bidii hiyohiyo," nikaketi.

Wachezaji wakajipanga. Hata wengine wa Kasulu walikwenda kwa mrefu. Nyuma ya binti walibaki wachache, na yeye alitazama mbele tu, hadi kombe likatolewa.

Watu walipoanza kutawanyika akanifuata. "Dada, nimekukosea nini?"

"Shangazi yako aliniomba."

"Aliomba yeye. Mimi hukuniuliza."

Kabla sijajibu alishamfikia mgeni. Alizungumza naye kwa sauti ya chini, akionyesha ringi kwa mkono. Mgeni alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya mtu ambaye hajui neno hilo lina uzito gani kwetu: "Kambini? Umejifunzia kikapu kambini?"

Ofisa alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Aligeuka. Shangazi akanishika mkono, kucha zikaniingia. Ofisa alimtazama binti, akamtazama mgeni, akayaangalia mavazi yake mwenyewe.

"Mimi leo nimekuja kutazama mpira," alisema. "Jumatatu niko kazini."

Akaondoka.

Maneno hayo yalitunyima usingizi. Shangazi aliyasikia kuwa ni nafasi ya kukimbia. Alifunga nguo za binti kwenye mfuko, akapanga ampeleke kwa ndugu upande wa Kibondo. Mimi niliyasikia kuwa ni kitisho. Kila pikipiki iliyosimama karibu na kwangu niliichungulia dirishani. Mgeni alinipigia simu kuomba radhi. Alisema timu yake iko tayari kumwombea kibali, lakini lazima kwanza aonekane mahali alipoandikishwa, yaani kambini.

Jumapili nilikwenda Heru Juu. Mfuko ulikuwa mlangoni, binti amekaa juu ya gogo.

"Nikikimbia nitacheza wapi?" alimwambia shangazi yake. "Nitacheza uvunguni? Kesho najipeleka mwenyewe kwa ofisa."

Shangazi hakucheka. Alilia, kisha akauchukua mfuko, akazitoa nguo moja moja, akaanza kumpigia pasi gauni lake la kanisani.

Jumatatu asubuhi tulikuwa watatu kwenye benchi nje ya ofisi ya uhamiaji. Mlango ulifunguliwa, akaitwa. Alisimama, akalinyoosha gauni.

"Utanisubiri hapa," aliniuliza, "au utaingia?"

Nikasimama. Nikamwambia twende.