Chumba cha Kwaya cha Mwalimu Oyaro

Ukigombana na ukuta, haujibu. Ndiyo maana Oyaro aliendelea kugombana nao.

Alitoka Nyamira akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha chai, akakaa kando ya mashine za kusagia majani mpaka alipostaafu. Kinga za masikio alipewa. Alizitia mfukoni, kwa sababu zilimnyima raha ya kutunga nyimbo kwa kufuata mdundo wa mashine. Na nyimbo zenyewe zilikuwa tamu, tusimnyime haki yake. Kanisani Kapsoit, karibu na kiwanda hicho, Wakisii kwa Wakipsigis, wote walimwita Mwalimu, na kwaya ndiyo iliyokuwa pumzi yake.

Basi waumini walipojenga chumba cha mazoezi nyuma ya kanisa, ramani ilikuwa yake. Siku ya kwanza kuimba humo, moyo ulimshuka. Maneno yalivurugika yote. Kwa kweli chumba kilikuwa kibaya: kuta za mawe zinazotazamana, sakafu ya saruji, mabati juu. Ulipiga kofi moja, ukarudishiwa matano.

Akaingia kazini. Alibomoa ukuta mmoja akaujenga upya kwa mshazari, ili sauti isirudi moja kwa moja ilikotoka. Akaweka dari, na juu yake akajaza maranda ya mbao, mvua ya alasiri isiwapigie ngoma. Ukuta wa nyuma akauvika magunia na blanketi kuukuu. Kisha akapiga kofi, akatega sikio. Kofi halikurudi. Akafurahi kama mtoto, akawaita waimbe.

Maneno yalikuwa vilevile, uji mtupu.

Hapo kukata tamaa kukamwingia. Aliongeza magunia, akapunguza magunia. Chakula kikamshinda. Alimgombeza Kipruto, mwimbaji wa besi, kwamba anameza maneno, na Kipruto, kwa adabu zake, akasema tu, "Pole, Mwalimu," akaleta gunia lingine. Wote walijua. Redio ya Oyaro ilinguruma mpaka majirani wakapata habari bila kununua betri. Lakini nani angemwambia Mwalimu? Heshima iliwafunga midomo, na heshima ya namna hiyo ni ukatili.

Alipotangaza kwamba atabomoa ukuta wa pili, mkewe Nyabate alimfuata chumbani. Alimkuta ameshika nyundo, wanakwaya wamesimama kando, Chepkurui mwanzishaji mbele yao.

"Baba Judy, weka hiyo nyundo chini."

"Unasema?"

Nyabate akamsogelea, akapaza sauti. "Room iko sawa! Iko sawa tangu uweke magunia. Ni masikio yako, Baba Judy. Ni masikio."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo Oyaro alikuwa akiwatania nayo waimbaji wavivu. Sasa aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliangalia sakafu. Hofu ilimshika, hofu ambayo hakuwahi kuijua maishani. Ukuta ukiwa mbaya, hubomolewa. Sikio je?

"Mara moja tu," aliwaomba. "Tuimbe ule wangu wa kwanza. Chepkurui, anzisha. Kama siwezi kuusikia huo, basi nitaacha."

Alifumba macho, akainua mkono, akaushusha.

Na wimbo ukaja. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi chini kabisa, kila neno limekaa mahali pake, hata pumzi zao kati ya beti alizisikia. Machozi yalimtoka. Aliongoza ubeti wa kwanza, akaongoza wa pili, akaongoza mpaka amina ya mwisho, akaishikilia hewani kwa vidole vyake kama alivyozoea.

"Mmesikia?" alisema, akicheka na kulia. "Nyabate, umesikia hiyo? Safi! Chumba ni kizuri!"

Akafumbua macho. Chepkurui alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, mabega yakitikisika. Alikuwa ameshindwa kuanzisha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameimba.