Mkono wa Mjane Begani

Siku yangu ya kwanza kwenye studio ya picha pale Kibaha, Fundi Mkuu hakunikaribisha hata kiti. Alinipa misumari miwili, uzi na penseli, akasema, "Chora yai." Fremu ya yai huchorwa hivi: unapigilia misumari miwili kwenye ubao, unaizungushia uzi uliofungwa kitanzi, kisha unauvuta kwa penseli ukizunguka. Misumari ikikaribiana, yai linakuwa kama duara, ikiachana, linarefuka. Ndipo unakata kwa msumeno mwembamba, unapiga msasa na kupaka vanishi. Niliharibu mbao wiki nzima, akanitukana wiki nzima.

Kompyuta zilipoingia nikahamishiwa mezani. Nilikuwa nachukua picha ya simu au kamera, nachora yai kuzunguka sura, naficha kilichobaki, kisha naichapa kwa kipimo cha fremu. Ninyi vijana simu inawakatia duara yenyewe, masikio ya watu yanabaki nje, nanyi mnaridhika! Inaniudhi, lakini kuna lililoniudhi zaidi.

Wateja wetu wengi walikuwa wafiwa. Marehemu mara nyingi haachi picha ya peke yake, hivyo tunamtoa kwenye picha ya harusi au ya ubatizo. Siku moja walikuja kaka wawili wa mfugaji wa Kwala aliyefariki. Walikuwa wametoka kaskazini kuja kuzika, na simu ya marehemu wameishika wao. Kwenye picha ya harusi yake, bwana harusi amekaa. Bibi harusi, binti wa Vihingo kule Kisarawe, amesimama nyuma na kumwekea mkono begani.

"Mtoe ndugu yetu peke yake," alisema yule mkubwa. "Na huo mkono uuondoe."

"Mkono wa mkewe?"

"Mke gani? Sisi hatumtambui."

Nikaelewa. Picha ingetangulia jeneza, na ukoo mzima ungemwona mwanaume asiye na mke. Nyumba na ng'ombe vingefuata baadaye. Nikakataa, nikaenda kwa Meneja.

"Zuhura, mteja ni mfalme."

"Bosi, huyu mama yuko hai!"

"Sisi tunauza fremu. Haki akaitafute mahakamani."

Akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akanakili kitambaa cha koti na kukibandika juu ya vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka bega likawa safi. Alifanya kazi nzuri, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kisha akaniamuru nifute picha ya mwanzo. Sikuifuta, niliihifadhi kwenye flashi yangu. Alipogundua, akanihamishia tawi la Kisarawe, eti mahitaji ya kazi. Mahitaji gani! Nilitupwa.

Wenzangu walipostaafu waliagwa kwa keki na hotuba. Mimi sikuagwa, na watu huniambia hasira hasara. Sawa, lakini sikilizeni kwanza.

Nikiwa Kisarawe, aliingia mwanamke amejitanda khanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Alikuwa yule mjane. Kwenye msiba wa mumewe alikalishwa pamoja na majirani, si na wafiwa, na baada ya arobaini shemeji zake wakamfukuza, akarudi kwa wazazi wake Vihingo. Hakuwa na picha hata moja ya mumewe. Alikwenda kuulizia Kibaha, na Fundi Mkuu akamnong'oneza jina langu.

Nikaifungua picha yote.

"Nitakukatia yai la kulala," nikamwambia, "mwenee wote wawili."

"Hapana, dada. Nitengenezee kama ile yao, kipimo kilekile, yeye peke yake. Ila mkono wangu uuache."

Nikaitengeneza kwa mikono yangu, toka ubao mpaka kioo. Alipokuja kuichukua aliifunga kwenye khanga, nikamuuliza kama anarudi Vihingo.

"Naenda Kwala. Ile yao imetundikwa sebuleni kwangu. Naenda kuiteremsha."

"Na shemeji zako?"

"Wapo."

Nilivua aproni, nikachukua nyundo. Msimamizi wa tawi akauliza narudi saa ngapi. Nikamfuata mjane nje, na huko ndiko kustaafu kwangu.