Nilimpigia Magoti Dereva

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, kama sakafu ya hospitali ingepasuka ningejitosa mwenyewe bila kusukumwa.

Mwanangu Oresta alikuwa na miaka mitatu, akikimbia kidogo tu midomo inageuka bluu, kwa hiyo tuliposikia redioni kwamba daktari bingwa wa upasuaji wa moyo na kifua anakuja Sumbawanga kuchagua watoto wa kwenda kupasuliwa Dar, nikatoka Kizwite asubuhi na baridi yake, mtoto mgongoni, jogoo kwapani (jogoo katoa mama mkwe kule Kaengesa, maana kwetu mgeni mkubwa haendewi mikono mitupu).

Hospitalini foleni ndefu, nami subira sina. Pembeni ya gari la wageni nikaona baba mmoja, kitambi, suti, miwani. Nikajisemea, bingwa ndiye huyu. Nikatoka kwenye foleni (hakuna aliyenituma), nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Na jogoo akapokea. Akapokea! Nikamvua mtoto sweta, naye akamgongagonga kifuani kama anachagua tikiti maji, akasema, "Mpe asali, atapona."

Mara kakaja kasichana ka rasta, raba miguuni, kakamkazia macho mtoto wangu. "Mama, anahema hivi tangu lini?"

"Dada, nenda kadeki huko! Huoni naongea na daktari?"

Yule baba akaanza kukohoa. Muuguzi akachungulia mlangoni, "Daktari, tuko tayari," na aliyegeuka ni kasichana! Kabla hajaingia akamwambia yule baba, "Mzee, ukimaliza kliniki yako, kaoshe gari."

Watu walicheka hadi kushika mbavu. Bibi mmoja akanipigia kelele, "Mpigie magoti tena, mama, labda atakupa lifti ya Dar!"

Mimi kicheko sikukiona. Nafasi kwenye foleni nimepoteza, na mtu pekee wa kumfungua mwanangu kifua akakifunga mtoto yuko hai, nimemtuma kudeki.

Nikaingia wa mwisho, macho chini.

"Nimeshadeki, mama," akasema. "Mlete mtoto."

Akampaka mafuta kifuani, akapitisha kipimo huku na huku (mimi roho mkononi), halafu akagusa kioo cha mashine. "Tundu hili hapa. Anakwenda Dar, tutaliziba. Lakini ungemrudisha nyumbani na ile asali, tungekuja kulaumiana."

Oresta alipasuliwa, na aliyemshona ni yeye yule. Lakini hasira sijamaliza, ya yule mzee anayetibu watoto wa watu kwa jogoo, na yangu mimi, kidato cha nne nimemaliza, moyo nimeuchora kwenye mtihani na vyumba vyake vyote, kisha kitambi kinaniangusha magoti! Shikamoo nitawapa wazee wote, ila sweta ya mwanangu haivuliwi mpaka mtu aniambie yeye ni nani na kasomea nini, hata awe na kitambi cha askofu.